Miguu ya Zambarau ya Nakitope

Saumu binti Chande alipewa kazi ya kuku kwa sababu alichelewa mkutanoni. Ndala yake ya mguu wa kushoto ilinaswa kwenye tope la njiani, na kwa kuwa hakuwa na jozi nyingine, hakukubali kuiacha. Aliikomboa kwa kijiti, akaiosha kwenye dimbwi, akafika ofisi ya kijiji watu wameshagawana kazi zote. Shamba la mihogo lilikuwa na watu, duka lilikuwa na watu, hata kengele ya kuitia mikutano ilishapata mpigaji, mzee mmoja asiyesikia vizuri. Kilichobaki ni mradi wa kuku.

"Mwandike Bi Saumu kuku," alisema Mwenyekiti, Shabani Nambunga.

Katibu akaandika hivyo hivyo alivyoambiwa. Kwa mwezi mzima karatasi iliyobandikwa ukutani ilisomeka, "Ndugu Saumu Chande: Kuku," na watoto wakimwona njiani walikuwa wakimpisha kwa heshima ya ajabu.

Yeye na mumewe, Isihaka, walikuwa watu wa Mikindani. Yeye alikuwa mpika vitumbua, mume mvuvi, mpaka operesheni ya vijiji ilipowapandisha lori na kuwashusha Nakitope, upande wa Ziwani, mahali ambapo bahari huisikii hata upepo ukiwa wa upande wako. Isihaka alipangiwa kulinda mihogo ya kijiji isiliwe na nguruwe pori. Hakuwa na mkuki wala mbwa, ila alikuwa na nyavu zake za papa, akazitega shambani kama alivyozoea kuzitega baharini. Mwaka ule wa elfu moja mia tisa sabini na sita alikuwa ameshavua nguruwe saba. Mwenyewe hakuwala, akawa anawapa majirani Wakristo, nao walimwombea sana.

Vifaranga walikuja mwezi wa tatu, katikati ya mvua. Walikuja kwa ndege kutoka Dar es Salaam, mia tatu, ndani ya maboksi yenye matundu, na jambo hilo liliwaudhi baadhi ya wazee, kwa maana hapakuwa na mtu hata mmoja Nakitope aliyekwisha kupanda ndege. Walikuwa kuku wa nyama, wale weupe wa kisasa, wa kulishwa kwa haraka na kuliwa kwa haraka. Pamoja nao ilikuja barua ya maelekezo kutoka kwa Bwana Mifugo wa wilaya, kijana wa Tukuyu aliyeitwa Erasto Mwasomola. Erasto alikuwa na pikipiki ya serikali iliyompeleka aendako na ambayo yeye aliisukuma wakati wa kurudi, kwa hiyo alipenda zaidi kuandika barua.

Barua ilisema: "Sakafu ya banda itandikwe makapi makavu yanayopatikana kwa wingi katika eneo husika."

Halmashauri ya kijiji ikakaa kujadili ni kitu gani kinapatikana kwa wingi Nakitope. Mjumbe mmoja alisema siafu. Mwingine alisema mikutano, akaambiwa afute kauli. Baada ya saa mbili wakakubaliana kwamba kitu kilichozidi vyote ni maganda ya korosho, yaliyokuwa yamerundikana nyuma ya ghala tangu msimu wa kubangua, kilima kinachoonekana kutoka barabarani.

Saumu aliyekuwa ameitwa kusikiliza tu alinyoosha mkono.

"Ndugu Mwenyekiti, maganda ya korosho yana mafuta yanayobabua. Tazama mikono ya wanawake waliobangua. Ngozi inatoka kama ganda la kitunguu."

"Yanababua watu," alijibu Mwenyekiti. "Kuku wana magamba miguuni. Mungu kawavisha viatu."

Hoja ikapita. Maganda yakamwagwa bandani, vifaranga wakawekwa juu yake.

Siku ya tatu vifaranga wakaanza kucheza. Saumu alipofungua mlango asubuhi aliwaona wote mia tatu wakiinua mguu huu, wakiushusha, wakiinua ule, wakiushusha, tena kwa pamoja, kama watu waliofundishwa. Habari ikaenea. Jioni watu wakajaa mbele ya wavu. Siku ya pili yake wakaja na ngoma, na mpigaji, mtu mwenye sikio, alijitahidi kuifuata miguu ya kuku mpaka akaipata. Mwenyekiti alisimama mbele, ameunganisha mikono nyuma, anatikisa kichwa taratibu. Alisema hajawahi kuona mifugo yenye ari namna ile.

Saumu hakucheza. Watu walipoondoka aliingia, akamkamata kifaranga mmoja, akamgeuza. Unyayo ulikuwa mwekundu kama ulimi, ngozi imechunika pembeni. Akamgeuza wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote vile vile.

"Njoo," alimwambia Isihaka. "Leta na pauro."

Wakayatoa maganda yote wenyewe, siku nzima, wamefunga mikono kwa matambara. Kesho yake Saumu aliitwa ofisini kujibu shitaka la kuhamisha mali ya kijiji bila kibali. Alijitetea kwa kumleta kifaranga na kumlaza chali juu ya meza ya Katibu. Wajumbe wakatazama unyayo ule kwa muda mrefu. Mjumbe wa ulinzi akasema kifaranga anaonekana ametoka safari ndefu. Mwishowe wakamsamehe Saumu kwa sharti kwamba sasa banda litandikwe nyasi mbichi, maana nyasi mbichi ni laini, na kiumbe aliyeumia miguu anahitaji kitu laini.

"Mbichi zina maji, Ndugu Mwenyekiti."

"Maji yanapoza," alisema Mwenyekiti.

Mvua ilikuwa ikinyesha kila siku. Zile nyasi zililowa kutoka juu kwa paa lililovuja na kutoka ndani kwa kinyesi, na vyombo vya maji vilivyokuwa vikipinduliwa kila mara vikamalizia. Baada ya wiki moja sakafu iligandamana ikawa tabaka moja zito, kama mkate uliododa. Saumu aliyajua mambo ya unga na unyevu kwa miaka ishirini ya vitumbua, akajua kabisa kwamba kitu kile hakitakauka tena. Ukifungua mlango, harufu ya mkojo ilikupiga machoni mpaka machozi yakatoka. Kuku walikuwa wamekua, wazito, na waliacha kusimama. Walikaa tu juu ya ule uchafu. Katikati ya kila unyayo pakatokea kidonda cheusi, kigumu, kikubwa kama punje ya choroko, na ukikibandua, chini yake kuna shimo. Wengine vidole vilivimba. Kumi na tisa walikufa.

Saumu aliandika barua kwa Bwana Mifugo, akaipitisha kwa Mwenyekiti kama utaratibu ulivyotaka. Mwenyekiti aliisoma, akaiona inasikitisha, akaandika nyingine ya kufurahisha zaidi: "Kuku wote wana afya njema na ari ya hali ya juu." Erasto aliipokea, akaisaini, akaipeleka mkoani.

Saumu alipoona hakuna jibu, alikwenda zahanati. Mhudumu wa zahanati alikuwa Felista, mwanamke mfupi wa Peramiho aliyekuwa na hasira ya kudumu na bohari ya dawa. Mwezi ule aliomba aspirini na bendeji, akaletewa chupa arobaini za jivii, ile dawa ya zambarau ya kupaka watoto vidonda vya mdomo.

"Unaumwa, Bi Saumu?"

"Siumwi mimi. Wagonjwa ni mia mbili themanini na mmoja."

Felista akaweka kalamu chini. "Wa kijiji gani?"

"Wa bandani."

"Wana nini?"

"Nyayo."

Felista alizitazama zile chupa arobaini rafuni. Akazishusha thelathini na tisa.

Saumu na Isihaka walipaka siku mbili. Isihaka alishika, Saumu alipaka kwa unyoya aliouchukua kwa mgonjwa mwenyewe. Kuku wa mwisho alipowekwa chini, banda zima lilikuwa na kuku weupe kama pamba, wenye miguu ya zambarau iliyokolea, kuanzia kucha mpaka magotini, kwa sababu Isihaka alikuwa mtu wa kutofanya kazi nusunusu.

Asubuhi iliyofuata bila taarifa yoyote ukaja ujumbe kutoka mkoani.

Walikuja na Landrova mbili. Mkuu wa msafara alikuwa bwana mnene mwenye suti ya mikono mifupi na mifuko minne, kila mfuko na kalamu. Erasto, aliyewafuata kwa pikipiki yake, alikuwa nyuma yake, amebeba faili. Mkuu wa msafara alisimama mbele ya wavu, akainama, akaitazama ile miguu mmoja mmoja.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "hawa ni kuku wa aina gani?"

Mwenyekiti alifungua mdomo. Angesema ni wagonjwa, basi ile barua ya ari ingefunguliwa pale pale na kusomwa kwa sauti. Akamtazama Erasto. Erasto, ambaye saini yake ilikuwa kwenye barua ile ile, alikuwa akitazama mawingu.

"Ndugu, hawa ni..." Mwenyekiti alitazama miguu ile. "Hawa ni zambarau."

"Zambarau," alirudia Mkuu wa msafara, akatoa kalamu ya mfuko wa kwanza, akaandika. "Nimewahi kusikia habari zao. Wanatoka Bulgaria?"

"Wengine," alisema Mwenyekiti.

"Ni dawa, Ndugu," alisema Saumu kutoka nyuma.

"Naona," alisema Mkuu wa msafara kwa furaha. "Nyama yao ni dawa pia! Watu wa lishe watafurahi." Akaandika na hilo, kwa kalamu ya mfuko wa pili.

Landrova zilipoondoka, Erasto alibaki. Alimwita Saumu kando ya banda, akamgeuza kuku mmoja, akakitazama kile kidonda kilichofunikwa rangi. Alikuwa kijana mwenye haya, na uso wake ulibadilika.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuandikia, mwanangu."

"Ilipita kwa nani?"

Wote wawili wakamtazama Mwenyekiti, aliyekuwa akiwapungia mkono watu ambao walishafika barabarani.

"Kitabu changu kinasema maranda ya msonobari," alisema Erasto kwa unyonge. "Kwetu Tukuyu unaweza ukayapata. Hapa sijui niseme nini."

"Na kuku wanasemaje?"

Erasto alidhani anataniwa. Lakini Saumu alikuwa ameliona jambo tangu wiki iliyopita, na hakuwa na wa kumweleza. Kwenye kona ya banda, fundi aliyejenga alikuwa ameacha rundo la mchanga wa lipu, dogo tu, la kutosha toroli mbili. Kuku wenye vidonda vibaya kabisa, wale wasioweza kusimama, walikuwa wanajikokota kwa vifua mpaka pale. Wakifika walisimama. Walipigana wenyewe kwa wenyewe kupata nafasi. Wengine walilala pale usiku kucha, wamepandana kama abiria wa meli, na nyasi zote laini za halmashauri hazina mtu.

"Nataka mchanga," alisema. "Wa korongoni, si wa pwani. Wa pwani una chumvi na vipande vya kombe."

"Halmashauri itakubali?"

"Halmashauri haina haja ya kuumia kichwa."

Wakaanza siku hiyo hiyo. Erasto alivua shati la serikali, akalitundika kwenye pikipiki. Walikwangua lile tabaka kwa majembe, likatoka vipande vipande kama sabuni ya magendo, na chini yake saruji ilikuwa imegeuka kijani. Isihaka alileta mchanga kutoka korongoni kwa toroli la kijiji. Saumu aliuchekecha kwa chekeche lake la unga, akauanika juani juu ya mikeka, akawa anaugeuza mpaka ukimimina kiganjani unakwenda kwa mkupuo kama mchele. Ndipo wakautandaza, kina cha kiganja kizima. Vyombo vya maji akavipandisha juu ya matofali ili visipinduliwe. Isihaka akamtengenezea reki kwa ubao na misumari, na kila asubuhi Saumu aliupitia mchanga wote, akaokota kinyesi, akaupindua wa chini ukaja juu. Mahali penye unyevu alipatambua kwa kuweka mgongo wa mkono. Pakimpa baridi, anachota, anatupa, anaweka mwingine.

Wiki ya pili vile vidonda vyeusi vikaanza kubanduka vyenyewe. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, laini kama ya mtoto. Kuku wakaanza kutembea, halafu kukimbia, halafu kumdonoa Isihaka. Rangi tu ndiyo haikutoka. Walipofika uzito, walichukuliwa kwa lori mpaka bandarini kulishwa wapakiaji wa korosho, na mpishi akarudisha salamu kwamba supu ya miguu imetoka rangi ambayo hajaiona tangu azaliwe, na kwamba watu wanauliza kama ipo nyingine.

Hapo mambo yangeisha, lakini mkoani zile kalamu nne zilikuwa zimeshafanya kazi yake. Barua ikaja. Ilisema kuku aina ya Zambarau wameonekana kuwa mfano, kwamba vifaranga wapya mia tatu wanaletwa Nakitope, na kwamba ujumbe utarudi kukagua kizazi cha pili kabla hakijasambazwa vijiji vyote vya mkoa.

Vifaranga wakaja kwa ndege kama wenzao. Saumu aliwapokea juu ya mchanga mkavu tangu siku ya kwanza, na kwa wiki saba hakuna hata mmoja aliyeinua mguu bila sababu. Alikuwa akiwageuza kila Ijumaa kabla ya kwenda kuoga. Nyayo mia sita, zote safi, za manjano, zimejaa, zinang'aa. Kuna jioni alimwita Isihaka aje azione. Isihaka alitazama nyayo kumi na mbili, akasema ni nzuri, akauliza kama anaweza kwenda kula.

Aliyekosa raha ni Mwenyekiti. Alikuja bandani siku mbili kabla ya ujumbe, akachuchumaa, akachungulia.

"Bi Saumu. Mbona ni manjano?"

"Ndiyo rangi yao."

"Rangi yao ni zambarau. Iko kwenye barua."

"Zambarau ilikuwa ugonjwa, Ndugu Mwenyekiti. Hawa ni wazima."

Mwenyekiti alisimama, akajikung'uta magoti. Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba mkoa hauji kutazama uzima, mkoa unakuja kutazama zambarau, na kwamba halmashauri imeamua wapakwe.

Saumu aliweka reki chini. Alikuwa amepaka kuku mia mbili themanini na mmoja kwa unyoya, akapoteza usingizi kwa ajili yao, lakini kupaka dawa unyayo usio na kidonda aliona ni sawa na kumfunga mtu bendeji ili apewe pole.

"Mimi sipaki," alisema. "Halmashauri imeamua, basi halmashauri ije ipake."

Ikaja. Wajumbe wote tisa waliingia bandani saa nane mchana, pamoja na Mwenyekiti na Katibu, wamekunja suruali. Felista aliombwa jivii akasema amebakiwa na chupa moja, nayo ni ya watoto. Wakamkumbusha kwamba yeye pia ni mwanakijiji. Akawatolea nusu chupa, akaichanganya na maji, akaketi nje kwenye kigogo kutazama, kwa vile siku hiyo hakukuwa na mgonjwa mwingine wa maana.

Kuku waliokulia kwenye mchanga mzuri wana miguu yenye nguvu. Wajumbe hawakulijua hilo. Kuku waliruka, walikwaruza, waliteleza mikononi, wakapita katikati ya miguu ya mjumbe wa elimu na kumwangusha juu ya beseni la dawa. Kufikia jioni walikuwa wamepaka kuku kama tisini, baadhi mguu mmoja tu, na dawa ikaisha. Wao wenyewe walikuwa wamepakika mpaka viwikoni. Walinawa kwa sabuni, wakanawa kwa majivu, wakanawa kwa mafuta ya taa. Jivii ikatulia pale pale. Mjumbe wa elimu alikuwa nayo na shavuni.

Ujumbe ulipofika, Mkuu wa msafara aliona kwanza kuku mia mbili na ushei wa manjano, kisha tisini wa zambarau, kisha Mwenyekiti anayemnyooshea mkono wa zambarau. Akaurudisha wake nyuma.

"Ndugu Mwenyekiti, una nini?"

Mwenyekiti alitazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nyuma yake walikuwa wamejipanga wajumbe, mikono yao ikining'inia, zambarau tupu.

"Ni dawa, Ndugu," alisema Saumu. "Jivii. Walikuwa wanapaka kuku."

"Kwa nini mtu apake kuku rangi?"

Lilikuwa swali la haki, na hakuna aliyeweza kulijibu bila kutaja barua. Mwenyekiti akaona lazima aseme kitu.

"Ndugu," alisema, "nadhani inaambukiza."

Mkuu wa msafara alirudi nyuma hatua nne. Wenzake wakarudi sita. Aliuliza nani anayewahudumia kuku kila siku, akaonyeshwa Saumu. Akamwomba aoneshe mikono, kwa mbali. Saumu aliinua mikono yake, safi, na mchanga kidogo kwenye kucha.

"Huyu mama," alisema Mkuu wa msafara kwa sauti ya chini, "ana kinga."

Kabla ya saa sita karantini ilitangazwa. Wajumbe wote, Mwenyekiti na Katibu waliingizwa kwenye chumba kimoja cha zahanati kilichokuwa na vitanda viwili, wengine wakatandikiwa chini, na mgambo akawekwa mlangoni. Kuku walikatazwa kutoka kijijini. Saumu, kwa kuwa ana kinga, alikabidhiwa kijiji.

Felista aliandika barua siku hiyo hiyo kueleza kwamba ni jivii. Barua ilipaswa kupitia kwa Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa karantini, ambako karatasi haziruhusiwi kutoka. Ikabidi Erasto aende mwenyewe mjini kwa pikipiki, maana yake arudi kwa miguu. Siku tisa zikapita.

Katika siku hizo tisa Nakitope haikufanya mkutano hata mmoja. Watu walikwenda mashambani asubuhi na kurudi mchana. Mzee wa kengele alipiga kwa mazoea, asisikie kama imelia, akaenda zake. Saumu alipelekewa mihuri ya kijiji ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akaliweka juu ya rafu ya jikoni, akaendelea na reki yake. Kila adhuhuri alipeleka ugali wa muhogo na mlenda mpaka dirishani mwa zahanati.

Siku ya sita Mwenyekiti alimwita. Alikuwa amesimama kwenye dirisha, mguu mmoja ameuinua, anaukuna wa pili kwa kidole chake.

"Bi Saumu, haya magodoro yamejazwa nyasi."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti. Mvua ya juzi iliwalowesha, nasikia."

"Miguu inawasha. Yote. Katibu katoka vipele." Akageuza macho pembeni. "Ule mchanga wako umebaki?"

Saumu alimtazama kwa muda. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, aliyoyapanga tangu siku ya maganda ya korosho, na baadhi yake yalikuwa matamu sana. Aliona macho yake mekundu ya kukosa usingizi, na vile vidole vya zambarau vimeshika nondo. Akaenda, akaanika mchanga, akarudi na toroli mbili.

Daktari alipokuja na Erasto, siku ya tisa, aliunusa mkono wa Mwenyekiti, akalowesha pamba kwa spiriti, akaisugua. Pamba ikawa zambarau. Daktari alicheka mpaka akaenda kukaa kwenye kigogo cha Felista. Halafu akauliza, kwa utulivu zaidi, ni nani aliyewatandikia wagonjwa mchanga, kwa sababu ndani ya kile chumba hapakuwa na harufu.

Karantini ikaondolewa. Mkoani hawakupenda kuandika kwamba walikuja kukagua rangi, kwa hiyo jalada la Zambarau likafungwa kwa maneno "aina hii imetoweka." Kuku, waliochelewa kuchinjwa kwa wiki mbili, walikuwa wamenenepa kupita kiasi, mmoja alifika kilo tano na nusu, lakini walitembea wenyewe mpaka kwenye lori. Erasto aliwageuza mia moja, mmoja baada ya mwingine, akaandika ripoti ya kurasa kumi na moja kuhusu mchanga mkavu na afya ya nyayo, ya kweli tangu neno la kwanza. Aliipeleka kila ofisi. Alijibiwa na moja tu, iliyomkumbusha arudishe pikipiki.

Mwenyekiti hakulizungumzia tena jambo lile. Ila katika mkutano uliofuata, mjumbe wa ulinzi alipopendekeza awamu ya tatu watandike magunzi, yeye alisema, bila kumtazama mtu, "Kamuulizeni Bi Saumu."

Mradi ulidumu miaka mitatu zaidi, mpaka chakula cha kuku kilipoacha kuja. Watu wa vijiji vingine walikuwa wakija Nakitope kujifunza, wamechukua madaftari, wakitegemea somo kubwa. Saumu aliwaambia waweke mgongo wa mkono sakafuni. Wengine walingoja aendelee, na alipochukua reki kurudi kazini waliandika hivyo hivyo.

Mwaka wa themanini na tatu yeye na Isihaka walirudi Mikindani, akakoka tena jiko la vitumbua. Alisema hataki kuku nyumbani kwake, ametosheka nao. Haikumsaidia. Majirani walimletea kuku wao wagonjwa wamefungwa ndani ya kanga, asubuhi, unga haujaumuka. Saumu alikuwa akimpokea mgonjwa, kabla ya kumtazama jicho wala mdomo anamgeuza chali, anakunjua vidole kimoja kimoja, kisha anauliza, "Analala wapi?"

Siku moja Mwanakombo, jirani wa mlango wa pili, alimletea bata. Saumu alimwambia kwamba mambo ya bata hayajui, bata ni wa maji, asije akamdanganya bure. Mwanakombo akaanza kumfunga tena ndani ya kanga. Saumu akaepua kikaango, akakiweka pembeni, akafuta mikono, akavaa ndala zake.

"Hebu twende nikaone," alisema.